Anga liwe jeusi kiasi gani?

Siku hizi nikisimama mbele ya uwanda mpana kupiga picha ya nyeusi na nyeupe, swali la kwanza ninalojiuliza ni anga liwe jeusi kiasi gani. Ukiondoa rangi, nyasi za kijani na udongo mwekundu huweza kuwa kijivu kilekile, na shamba lililokuwa likiwaka machoni linabaki bapa. Hakuna mti mkubwa wala nyumba ya kukuokoa. Una mwanga na upeo wa macho, basi.

Leo jioni nimepiga shamba lililolimwa, jua likiwa limeinama. Mwanga wa ubavuni ndio uhai wa mahali tambarare: kila tuta lilitupa kivuli chake, mistari ikaenda hadi kule mbali. Jua la utosini lingeyameza matuta hayohayo.

Nilipiga kwanza kwa kichujio cha njano, yaani kioo cha rangi kinachowekwa mbele ya lenzi, kisha chekundu. Chekundu huzuia mwanga wa buluu, kwa hiyo anga hukolea na mawingu meupe hujitokeza kwa nguvu. Hula mwanga mwingi pia. Shata, kile kipazia cha kamera kinachopitisha mwanga, inabidi ikae wazi kama mara 8 ya muda wa kawaida, na upepo ukivuma nyasi hugeuka ukungu. Huo ukungu naupenda sana.

Wapigapicha wa miaka ya 1850 walisumbuliwa na jambo la kinyume. Kemikali zao ziliathiriwa mno na buluu, anga likatoka jeupe tupu. Mpigapicha Mfaransa Gustave Le Gray aliunganisha negativu mbili (picha za kinyume ambazo picha huchapwa kutoka kwazo), moja ya bahari na nyingine ya mawingu, ili picha moja ibebe vyote viwili. Ninapomfikiria, nashindwa kukubaliana na wanaosema anga lililotiwa weusi ni uongo. Anga la buluu halijawahi kuwa kijivu cha aina yoyote. Kila kijivu kilichomo kwenye picha kimechaguliwa na mtu, au kimeachwa kijichague chenyewe, na hilo la pili ndilo linaloniudhi.

Hata hivyo, kati ya picha za leo nitachapisha ile ya njano. Vivuli vya nje huangazwa na buluu ya anga, na kichujio chekundu kilipoizuia, mifereji kati ya matuta ilizama kabisa. Udongo uliokuwa ndani yake hauonekani tena. Mawingu yamependeza, lakini mimi nilikwenda kupiga shamba.