Mvuvi aliyekwenda dago si mtoro

Lugha ya kliniki ya kifua kikuu inanuka kituo cha polisi. Mwenye kikohozi cha wiki mbili ni "mshukiwa". Aliyekatiza dawa ni "mtoro", anasakwa, na akirudi "amekamatwa". Shirika la Afya Duniani liliachana na istilahi za namna hiyo mwaka 2013, ila midomoni hazijatoka.

Ubaya wake si utovu wa adabu tu. Ukishamwandika mtu mtoro, huulizi tena kwa nini hakuja. Chukua mvuvi wa Sahare, hapa Tanga. Matibabu ya kawaida ni miezi 6: miwili ya mwanzo dawa 4, minne inayofuata dawa 2. Mwezi wa tatu kikohozi kimekata, nguvu zimerudi, na wenzake wanakwenda dago, yaani kambi ya uvuvi mbali na nyumbani. Ataondoka, maana watoto watakula nini? Dozi ikikatika, vijidudu vilivyobaki huzaliana upya. Akimeza leo akaacha kesho, vinaweza kuwa sugu. Kurudi kliniki anaogopa kugombezwa, basi anangoja mpaka ateme damu.

Kinga yake ni swali la siku ya kwanza: "Dago unakwenda lini, wapi, na nani?" Kwa safari fupi apewe dawa za siku zote pamoja na akiba kidogo, na mwenziwe wa chomboni anayemwamini amsimamie. Safari ikiwa ndefu, apewe uhamisho wa maandishi kwenda kituo kilicho karibu na dago. Aambiwe mapema pia kwamba mkojo utageuka rangi ya chungwa. Wapo wanaoacha dawa wakidhani wanakojoa damu.

Kwenye rejista iandikwe tarehe ya dozi ya mwisho na sababu: "dago", "nauli", "kichefuchefu", "mume kamkataza". Kila sababu ina tiba yake, utoro hauna. Miadi ikipita, simu ipigwe kesho yake. Ile miezi 2 mfululizo bila dawa, ambayo mgonjwa akiifikisha huhesabiwa amepotea, ni kipimo cha takwimu, si muda wa kungoja.

Mhudumu anayemfuata mgonjwa nyumbani aache sare, na pikipiki yenye maandishi ya mradi aiegeshe mbali. "Shikamoo bibi, namuulizia fulani, tulikuwa na miadi" inatosha. Mengine majirani watayatunga wenyewe. Mgonjwa akitoka, aulizwe hali kwanza. Kisha vidonge vilivyobaki vitolewe, vihesabiwe pamoja naye.