Siku moja maishani mwangu: harusi ndani ya ghala la korosho, Mtwara

Saa 11 alfajiri nimeshaamka, adhana bado. Harusi ya leo naipamba ndani ya ghala la korosho, na usiku kucha mawazo yangu yalikuwa juu kwenye kenchi za paa. Huu ni mwezi wa saba, ghala tupu. Msimu ukifunguliwa Oktoba, magunia yatapangwa mpaka karibu na bati na hapatakuwa na nafasi hata ya kiti kimoja.

Saa 1 asubuhi niko mlangoni na vijana wangu wanne. Kuta za bloku, sakafu ya zege, harufu ya magunia ya juti. Shangazi wa bwana harusi katutangulia. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Hizi kuta si utazifunika na satini nyeupe?"

Nikamwambia hapana, shangazi. Satini nyeupe nimeshatundika kwenye kumbi nyingi, na leo nikizitazama zile picha siwezi kutofautisha harusi ya huyu na ya yule. Bi harusi wetu kasomeshwa kwa ubanguaji wa korosho. Mama yake mpaka leo vidole vina makovu ya mafuta ya maganda, yale yanayobabua ngozi. Ghala hili ni la kwao kuliko ukumbi wowote wa mjini. Shangazi alinyamaza, kisha akaomba kiti akae atuangalie.

Tukanyunyiza maji, tukafagia mara tatu. Vumbi la ghala ukilifagia kavu linapanda juu na kurudi kwenye vitambaa. Paleti za kupangia magunia tukazigeuza jukwaa.

Saa 4 tukafungua mizigo ya kanga, na hapa ndipo kazi yangu ilipo. Wiki tatu nyuma niliwaomba wanawake wa pande zote mbili kila mmoja aniazime doti moja kutoka kabatini kwake, aniambie aliipata lini. Zimekuja doti 64, vipande 128. Moja ilitolewa mwenyewe alipojifungua kifungua mimba. Nyingine bado ina mkunjo wa dukani, mwenyewe kaitunza miaka yote bila kuivaa. Kila kipande nimekifungia kadi yenye jina la mwenye nayo.

Kanga husomwa kabla ya kutundikwa. "Nani kama mama" nimeiweka juu ya viti vya mama wawili. "Hasidi hana sababu" ilikuja katikati ya mzigo. Ukiitundika juu ya meza ya wakwe umeanzisha ugomvi bila kufungua mdomo. Nimeipeleka mlangoni, huko inamtazama kila mtu na haimtazami mtu. Meza hazina namba. Mgeni anaambiwa akakae chini ya kanga fulani, basi anaitafuta huku akisoma zote.

Kanga za watu hazitobolewi. Tumevuta kamba za katani kutoka kenchi hadi kenchi, tukabana kwa vibanio vya nguo. Zimeleta na faida nyingine: ghala tupu lina mwangwi, maneno ya MC yanagongana ukutani, vitambaa vingi vikining'inia sauti inatulia.

Saa 6 mchana bati limewaka. Tukala wali na pweza chini ya mwembe, tukangoja gari la viti lililochelewa kwa saa mbili.

Saa 8 upepo wa kusi ukaingia, kanga zikapaa kama tanga. Tukafunga mlango mkubwa wa upande wa kusini, tukaacha wa kaskazini wazi. Maua yalikuja saa 9: bogenvilia za waridi na za machungwa, tulizoomba kwenye nyua za Shangani. Kijana mmoja alitaka kuongeza matawi ya mikorosho yenye maua. Nilimkataza. Kila kichala kinachotoa ua sasa ni korosho ya mtu, na wakulima wapo shambani wanapuliza salfa kuyaokoa maua hayohayo na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu. Tumetumia matawi yaliyopogolewa, majani matupu.

Mishumaa pia nimeikataa. Kona moja ya ghala ilikuwa na mifuko ya salfa hadi juzi, na salfa inashika moto. Taa zote ni za betri na za jenereta.

Jua lilizama saa 12 na kidogo. Tukawasha taa, rangi zikashuka mpaka kwenye zege. Bi harusi aliingia akasimama, akainua uso, akaanza kusoma majina ya mama zake wadogo mmoja mmoja.

Saa 4 usiku, ngoma imepamba moto, bibi yake alinivuta mkono. "Mjukuu wangu, baridi inaniuma. Kanga yangu ipo wapi?" Ilikuwa "Mgeni njoo mwenyeji apone", katikati kabisa ya ghala, juu ya jukwaa. Nikaomba ngazi, nikapanda, nikamteremshia. Akajitanda, akarudi kucheza.