Mama alisugua utafiti wangu

Jumatano asubuhi nilifika mtoni Nyangores, huku kwetu Bomet, Kenya, nikakuta vigae vyangu vinne vinang'aa kama vimetoka dukani. Vilikuwa vimekaa majini wiki tano, nimevifunga kwa waya kwenye jiwe, nasubiri viote utelezi. Kando yake mama mmoja alikuwa anasuuza shuka.

"Ni vyako, mwanangu? Vilikuwa vichafu sana. Nimekusugulia na sabuni."

Nikamwambia asante, mama. Ungesema nini?

Uchafu wenyewe, sisi tuliokulia Bomet tuliujua kwa nyayo kabla ya macho. Ni ile kamasi ya kahawia juu ya mawe, iliyoniangusha na mtungi mara sijui ngapi. Kogo, yaani nyanya yangu, alikuwa akitukumbusha kila siku: kanyageni mchanga, jiwe jeusi liacheni. Maabara tunauita utando. Ukiuweka chini ya hadubini unakuta kijiji kizima: bakteria, kuvu, mwani, na diatomu, yaani mwani wa seli moja wenye maganda kama ya kioo. Wote wanaishi ndani ya ute wanaoutoa wenyewe. Ute huo huwashikilia mkondo usiwazoe, na hunasa chakula kinachopita, hasa kile kilichoyeyuka kutoka kwenye majani yaliyooza, kinachoyapa maji ya msituni rangi ya chai ya rangi.

Kazi yangu ni kupima wanavyopumua. Natia kigae kwenye chombo kinachopitisha mwanga, nakijaza maji ya mto, nakifunga bila kubakiza hata kiputo kimoja, napima oksijeni. Saa moja baadaye napima tena. Kisha nakifunika kwa foili na kurudia yote. Penye mwanga mwani hufyonza hewa ya ukaa na kutoa oksijeni. Gizani wote wanapumua tu, na hewa ya ukaa inatoka. Nikilinganisha namba hizo najua jiwe linajipikia chakula au linaishi kwa majani ya watu.

Juu, kwenye kivuli cha msitu wa Mau, linaishi kwa majani. Huku chini miti imekatwa, jua linapiga, mwani unanawiri, mpaka mvua ishushe udongo wa mashamba na maji yawe kama kakao.

Sisi watafiti wa mito tulizoea kuchora mto kama bomba: kaboni, ile iliyomo kwenye majani na kwenye hewa ya ukaa, inaingia huku, inatokea baharini. Mwaka 2007 mwanaikolojia Jonathan Cole na wenzake walipiga hesabu ya mito, maziwa na mabwawa ya dunia nzima. Kwa makadirio yao, tani bilioni 1.9 za kaboni huingia humo kila mwaka kutoka nchi kavu, na karibu bilioni 0.9 tu ndizo zinazofika baharini. Nyingine huzikwa kwenye matope, lakini sehemu kubwa ya iliyopotea hupanda hewani. Katika vijito vidogo kama vyetu, wengi wa wanaoipumua wamekaa juu ya mawe.

Nyangores ikikutana na mto Amala unakuwa Mto Mara, na huko mambo yananoga. Viboko hula nyasi usiku na kuzinyea majini mchana. Nyumbu nao huzama wakivuka, wastani wa 6,250 kwa mwaka, kwa hesabu ambayo mwanaikolojia Amanda Subalusky na wenzake walichapisha 2017. Nyama huisha kwa wiki chache; mifupa hukaa kama miaka saba. Na juu ya mifupa huota nini? Utelezi uleule, na samaki wanaula. Yaani nyasi za Serengeti zimepita tumboni mwa nyumbu, zikawa mfupa, mfupa ukaota utando, utando ukaingia kwenye samaki. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliweka simu chini nikakaa kimya kidogo.

Jumamosi nilirudi na vigae vipya. Mama alikuwepo. Nikampa kimoja kikubwa cha kusugulia nguo, akakichagulia mahali pake, mbali na vyangu.