Nationals 2019: kocha hakufukuzwa mwezi wa tano, mwezi wa kumi wakabeba kombe

Wadau, kila ikifika mwezi wa kumi watu wa huku Maryland na DC tunaanza kukumbushana stori ya Nationals, timu ya besiboli ya Washington, na kila nikimsikia mtu anaisimulia naona anaianzia mwisho, Houston, usiku wa ubingwa, basi kaishia hapo. Mi leo nataka niianzie kule inakouma, mwezi wa tano, manake usipojua walikuwa wamezama kiasi gani hutaelewa kwa nini watu wazima na ndevu zao walilia barabarani.

Kwanza mjue mji wenyewe ulikuwa unatokea wapi. Washington haikuwa imeonja ubingwa wa besiboli tangu 1924. Timu yao ya zamani, Senators, ilihamia Minnesota baada ya msimu wa 1960, wakapewa timu nyingine yenye jina hilohilo, nayo baada ya msimu wa 1971 ikafunga virago kwenda Texas, mji mkuu wa Marekani ukakaa zaidi ya miaka 30 hauna timu kabisa. Nationals wakaletwa 2005 kutoka Montreal. Wakahangaika weee mpaka wakawa timu nzuri, wakaingia hatua ya mtoano 2012, 2014, 2016 na 2017, na mara zote nne wakatolewa kwenye kizingiti cha kwanza tu. Yaani hawajawahi kuvuka. Halafu 2019 kabla haijaanza, staa wao Bryce Harper akaondoka, na hakwenda mbali, akasaini kwa Phillies wanaocheza nao divisheni moja, miaka 13, dola milioni 330. Watu walisema imeisha hiyo.

Kwa ambao hamfuatilii, ligi hii timu moja inacheza mechi 162 kwa msimu. Karibu kila siku, kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu mpaka mwisho wa wa tisa. Leo umepigwa, kesho jioni unavaa tena jezi uwanja uleule na wapinzani walewale, hakuna wiki nzima ya kuuguza maumivu kama kwenye soka. Ndo maana kuanza vibaya huku siyo kuanza vibaya kwa mechi tatu, ni kila siku unaamka unakuta jana umefungwa tena.

Na Nationals walianza vibaya kweli. Tarehe 23 mwezi wa tano walikuwa wameshinda 19 wamepoteza 31. Siku hiyo walikuwa New York, Mets walishawafunga mechi tatu mfululizo, hii ya nne Nationals wanaongoza kwenye kipindi cha nane kati ya tisa, Carlos Gómez akapiga homurani (mpira unaovuka ukuta wa uwanja) ya pointi tatu, kwisha, wamefagiwa zote nne. Na ndivyo ilivyokuwa karibu kila wiki. Mapitcha, yaani warushaji, wanaoanza mechi walikuwa wa hatari, Max Scherzer, Stephen Strasburg, Patrick Corbin aliyesajiliwa kwa dola milioni 140, nyuma yao Aníbal Sánchez, hao ukiwaweka mstari mmoja timu nyingi zinatetemeka. Tatizo pitcha akishachoka kwenye kipindi cha sita au cha saba lazima aingie wa akiba, na wale wa akiba walikuwa wanaungua moto. Unaacha gemu inaongozwa unaenda kuoga, ukirudi mmefungwa.

Basi kila mtu alikuwa na neno moja tu mdomoni, kocha aondoke. Dave Martinez, ndo kwanza msimu wake wa pili, wa kwanza alimaliza 82 kwa 80 bila kuingia mtoano. Nyie mnajua kwetu mambo yalivyo, kocha wa Simba au Yanga akitoa sare mbili akafungwa moja tayari mashabiki wanamtajia tarehe ya ndege. Huku nako ilikuwa hivyohivyo, kwenye redio, kwenye treni, kazini. Meneja mkuu, Mike Rizzo, hakumfukuza. Na mi nasema hivi, katika mambo yote yaliyofanyika msimu ule, pamoja na homurani zote mtakazosikia hapa chini, kubwa kuliko yote ni hilo ambalo halikufanyika. Timu ilikuwa na wazee wengi kuliko timu yoyote kwenye ligi, wachezaji kadhaa walikuwa na majeraha au wanatoka kwenye majeraha, Trea Turner alivunjika kidole mwanzoni mwa msimu kabisa. Sasa umfukuze kocha kwa kidole cha mtu?

Kuanzia hapo, mechi 112 zilizobaki, walishinda 74 wakapoteza 38. Someni tena hiyo namba. Walimaliza 93 kwa 69, nyuma ya Atlanta Braves kwenye divisheni, wakaingia mtoano kwa mlango wa pembeni.

Katikati hapo kuna siku moja naipenda sana, tarehe 19 mwezi wa sita. Jana yake Scherzer alikuwa kwenye mazoezi ya kupiga, anajaribu kuugusa mpira taratibu, mpira ukadunda kwenye gongo ukamrudia usoni, pua ikavunjika. Kesho yake akapanda kurusha dhidi ya Phillies, timu ya Harper hiyo. Huyu jamaa kwa asili jicho lake moja ni la bluu na lingine la kahawia, siku hiyo hilo moja chini yake kumevimba rangi ya zambarau mpaka kwenye shavu, kamera ikamsogelea karibu kabisa, ukiona unaogopa wewe uliyeko sebuleni. Akarusha vipindi saba hawakupata hata pointi moja. Wakashinda 2 kwa 0.

Siku hiyohiyo Gerardo Parra, Mvenezuela mmoja aliyekuja mwezi wa tano baada ya kuachwa na Giants, hapigi kitu wiki nzima, akabadilisha muziki wake wa kuingilia, akaweka Baby Shark, ule wimbo wa watoto kuhusu samaki papa, ambao binti yake mdogo alikuwa anaupenda. Ilianza kama mchezo tu. Mpaka mwezi wa tisa akisimama Parra uwanja mzima, watu elfu kadhaa, mabosi wa serikali waliotoka ofisini na tai zao, wamama, watoto, wananyoosha mikono wanaipiga juu chini kama mdomo wa papa. Nilikuwa nakaa viti vya juu kabisa vya bei ya chini Nationals Park, unaona mto Anacostia nyuma yako, na kutoka kule juu ile mikono inapendeza sana jamani. Pembeni yangu mara nyingi alikuwa mzee mmoja wa Dominikana tunafanya naye kazi, ndo aliyenifundisha mchezo huu, yeye alikuja kwa ajili ya Juan Soto tu, kijana wa kwao, miaka 20, anasimama pale kupiga kama mtu mwenye mali yake. Mzee ananiambia wewe usiangalie mpira, angalia miguu ya Soto. Soto akiona mpira mbaya haupigi, anachuchumaa kidogo, anapangusa vumbi kwa kiatu, anamkazia pitcha macho. Pitcha wa watu wanachanganyikiwa.

Halafu tarehe 3 mwezi wa tisa, Mets haohao. Kipindi cha tisa, cha mwisho, Nationals wako nyuma 10 kwa 4. Watu wameshaanza kuelekea kituo cha treni cha Navy Yard. Wakapata pointi saba. Saba! Kurt Suzuki ndo akamalizia kwa homurani ya pointi tatu, 11 kwa 10. Mwezi wa tano hii timu ilikuwa inafungwa hivi, sasa yenyewe ndo inawafanyia watu.

Sasa mtoano. Mechi ya kwanza tarehe 1 mwezi wa kumi, moja tu, ukipoteza unaenda nyumbani, dhidi ya Milwaukee Brewers. Scherzer akafungwa mapema, 3 kwa 0. Turner akarudisha moja. Mpaka kipindi cha nane bado 3 kwa 1 na pitcha wa Brewers ni Josh Hader, mtu ambaye msimu mzima wapigaji wanamuogopa. Ryan Zimmerman, huyu ndo mchezaji wa kwanza timu hii kumchagua ilipofika Washington 2005, kakaa miaka yote hiyo anakula maumivu, akapiga mpira gongo likavunjika lakini mpira ukaangukia sehemu salama. Besi, vile vituo vitatu vya wakimbiaji, zikajaa. Soto akaupiga kulia, yule kijana wa Brewers, Trent Grisham, akaukimbilia, ukampita chini ya glavu. Wote watatu wakaingia. 4 kwa 3. Uwanja ulitikisika, hii nawaambia kwa miguu yangu mwenyewe, zege lilikuwa linatetemeka.

Raundi iliyofuata Dodgers, walioshinda mechi 106. Ikafika ya tano, ya kuamua, Los Angeles. Kipindi cha nane Nationals wako nyuma 3 kwa 1, Dodgers wamemuweka Clayton Kershaw, mmoja wa mapitcha wakubwa wa kizazi chake. Anthony Rendon, homurani. Mpira uliofuata tu, Soto, homurani. Kershaw kabaki ameinama ameshika magoti. Ikaenda muda wa ziada, kipindi cha kumi besi zote zimejaa, akaja Howie Kendrick, miaka 36, mwaka uliotangulia alikatika mshipa wa kisigino, na kwenye hiyo raundi alikuwa amekosea kosea mpaka watu wanamtukana. Akaupeleka mpira nyuma ya ukuta wa katikati. Pointi nne kwa mpigo. 7 kwa 3, na kile kizingiti cha tangu 2012 wakakivuka.

Raundi iliyofuata Nationals wakawafunga Cardinals mechi 4 kwa 0, hapo sina la kuongeza, ila Daniel Hudson, yule wa akiba waliyemchukua Toronto mwezi wa saba, alikosa mechi ya kwanza kwa sababu mkewe alikuwa anajifungua, kuna watu wakalalamika eti angebaki na timu. Mi nilifurahi sana alivyoenda.

World Series, yaani fainali, ikawa na Houston Astros, mechi 107 walishinda wale. Nationals wakashinda mbili za kwanza Houston. Wakarudi nyumbani, tumejipanga, tumenunua jezi, wakapoteza zote tatu, wakipata pointi moja tu kila mechi. Asubuhi ya ile ya tano Scherzer akaamka shingo imekaza hawezi hata kujiinua kitandani, ikabidi asicheze. Wakarudi Houston wanatakiwa washinde mbili. Ya sita wakashinda 7 kwa 2, Strasburg karusha vipindi vinane na zaidi, na Martinez, ambaye mwezi wa tisa tu alikuwa amefanyiwa matibabu ya moyo, akatolewa nje kwa kuwafokea waamuzi, wasaidizi wake wanamshika viuno.

Ya saba, tarehe 30 mwezi wa kumi. Sisi tulikuwa tumeenda kuangalia kwenye skrini Nationals Park, mvua inanyesha, hakuna anayeondoka. Scherzer kachomwa sindano ya shingo, karusha vipindi vitano kwa taabu, kila kipindi Astros wana watu kwenye besi lakini wamepata mbili tu. Hapo ndo uone akili ya Martinez, alikuwa amejua tangu mwanzo wa mwezi kwamba mapitcha wake wengi wa akiba hawaaminiki, kwa hiyo mtoano mzima alikuwa anawatumia haohao wanaoanza mechi kuja kuokoa nyingine, Strasburg alifanya hivyo na Brewers, usiku huu ikawa zamu ya Corbin, vipindi vitatu bila pointi. Kipindi cha saba Rendon akapiga homurani, Soto akapewa besi ya kwanza bure, Astros wakamtoa Zack Greinke aliyekuwa anarusha vizuri tu, akaingia Will Harris. Kendrick tena. Mpira ukaenda kulia, unapinda, unapinda, ukagonga ile nguzo ya pembeni. Ule mlio wa chuma tuliusikia kupitia spika za uwanja kabla hatujaelewa ni homurani. 3 kwa 2. Ikaisha 6 kwa 2, Hudson yuleyule aliyetoka kupata mtoto ndo alirusha mpira wa mwisho.

Mechi zote saba za fainali ile zilishindwa na mgeni, haikuwahi kutokea kwenye besiboli wala mpira wa kikapu. Na mechi tano za kufa au kupona walizocheza mwezi ule, zote tano kuna wakati walikuwa nyuma.

Baada ya hapo timu ikasambaa haraka mno. Rendon akaenda Angels, 2021 Scherzer na Turner wakapelekwa Dodgers, 2022 Soto akapelekwa San Diego, na Strasburg aliyekuwa mchezaji bora wa fainali mwili ukamkataa, karibu hakurusha tena. Mwezi wa saba 2025 Martinez na Rizzo wakafukuzwa wote siku moja. Nilisoma habari ile nikiwa kwenye basi na iliniuma, ingawa timu ilikuwa inafungwa sana na sababu naielewa.

Kama hujawahi kuangalia besiboli na unataka gemu moja tu ya kujaribu, tafuta ile ya Dodgers, tarehe 9 mwezi wa kumi 2019, iko mtandaoni nzima. Ila usirukie homurani ya Kendrick. Anzia mwanzo, Strasburg anafungwa mapema, uione jinsi walivyokaa pale benchi vipindi sita wako nyuma na hakuna anayepaniki.