Upepo wa ubavu, na mshale namba 4

Leo vigumba, yaani vichwa vya mshale vya kuwindia vyenye nyembe, vimekaa pamoja kwenye shabaha. Mishale sita, mita 40, upepo wa ubavu wa mita 5 kwa sekunde, na yote imeingia ndani ya duara la sentimita 11. Naandika sasa hivi kabla furaha haijaisha, maana wiki tano zilizopita nilikuwa nimebakiza kidogo tu niuze upinde.

Vifaa havijabadilika: upinde wa roda (wenye magurudumu kwenye ncha zake), mirija ya kaboni ya 340 (namba ya ugumu wa mrija), mapezi matatu ya plastiki ya sentimita 5 yaliyopindishwa digrii 3, kigumba cha nyembe tatu zisizokunjika cha greni 100 (gramu 6.5). Mshale mzima gramu 29, unatoka kwa mita 80 kwa sekunde.

Tatizo lenyewe lilikuwa hivi. Nikifunga vichwa vya mazoezi, visivyo na nyembe, upepo ukitoka kushoto mishale yote inahamia kulia sentimita 7 hivi. Sina ugomvi na hilo, nalenga kushoto kidogo na maisha yanaendelea. Nikifunga vigumba vya kuwindia vyenye uzito uleule, vurugu. Mmoja unahama sentimita 10, wa pili 25, wa tatu unarudi kushoto kana kwamba umegombana na upepo. Hewa ikitulia, mishale hiyohiyo inakaribiana vya kutosha kunidanganya. Basi lawama zote nikamtupia upepo.

Jaribio la kwanza lilikuwa manyoya makubwa, sentimita 10 kila moja. Wazo lilikuwa la kawaida: mkia ukiwa na nguvu, pua inyooke haraka. Na kweli inanyooka, ila kuna gharama ambayo sikuiona mpaka nilipokaa na kikokotoo. Mshale ukishageukia hewa vizuri, upepo hauusukumi ubavuni kama unavyosukuma jani. Kinachouhamisha ni kuchelewa kwake. Mshale usiopunguza mwendo ungefika mita 40 kwa nusu sekunde kamili. Wangu wa mapezi ya plastiki unafika ukiwa na mita 76 kwa sekunde, wastani 78, kwa hiyo unatumia sekunde 0.513. Umechelewa sekunde 0.013. Zidisha mara upepo wa mita 5, unapata sentimita 6 na nusu, karibu kabisa na nilichokiona kwenye gunia la shabaha. Wa manyoya makubwa ulifika na mita 74.5. Ukichelewa sekunde 0.018, umeshahama sentimita 9 kabla hatujazungumzia kosa lolote la mpigaji.

(Ili kupata hizo kasi za mwisho niliweka kipima kasi karibu na shabaha na kupiga juu yake kutoka mbali. Mkono mmoja wa plastiki wa kile kifaa haupo tena duniani. Tuendelee.)

Jaribio la pili, mirija myembamba. Kutoka milimita 7.5 kwenda 6 eneo la mbele linapungua zaidi ya theluthi, na nilijiona nimefika. Sikufika. Mapezi na nyembe vina sehemu yao kubwa katika kukamata hewa, na hivyo havipungui kwa sababu mrija umekonda. Wastani wa kuhama ulipungua sentimita moja hivi. Vurugu ilibaki palepale.

Jaribio la tatu, uzito. Niliongeza gramu 7 mbele. Upinde ni uleule na nguvu ni ileile, kwa hiyo mwendo ukashuka mpaka karibu mita 72. Kwa hesabu, kuhama kunapungua kama sehemu moja ya kumi tu. Wakati huohuo mshale unaanguka karibu sentimita 30 zaidi ukifika mita 40, maana yake ukikosea kukadiria umbali unaadhibiwa vikali. Kwa mnyama mkubwa na umbali mfupi nauelewa uzito. Kama dawa ya upepo, hapana, nimeuondoa.

Mpaka hapo nilikuwa nimetumia wiki tatu nikipambana na wastani, na wastani haukuwa shida yangu. Shida ilikuwa kutawanyika. Sentimita 15 zilezile kila mara ningeweza kuzifidia.

Nilichopaswa kukifanya siku ya kwanza nilikifanya siku ya ishirini na kitu: niliandika namba kwenye kila mshale na kuanza kuweka daftari. Ndani ya jioni mbili daftari lilianza kusengenya. Namba 4 kulia kabisa, kila mara. Namba 7 kushoto, kila mara. Namba 1, 2 na 6 wanakaa katikati kama watoto wenye adabu. Upepo haujui kusoma namba.

Nikachukua namba 4, nikageuza noki yake (kipande cha mkiani kinachoshika uzi wa upinde) theluthi ya mzunguko, ili mapezi yakae vilevile kwenye upinde ila kila kitu kingine kiwe kimezunguka. Nikapiga, ukaenda kushoto. Nikageuza theluthi nyingine, ukaenda chini. Nikafunga kichwa cha mazoezi kwenye mshale huohuo, ukaingia katikati. Kikulacho ki nguoni mwako. Mrija ulikuwa mzima, mapezi mazima. Kigumba ndicho kilikuwa kimekaa upande.

Kwa nini basi hewa tulivu ilikuwa inaficha? Hapa ndipo nimepoteza usingizi, na nadhani nimeelewa. Upepo wa mita 5 ukikutana na mshale wa mita 80, hewa haiji tena kutoka mbele. Inakuja kwa pembe ya digrii 3.6. Yaani mshale uliotoka umenyooka kabisa, kwa macho ya hewa tayari umekaa upande. Nyembe za mbele zinashika hewa hiyo na kusukuma pua iende na upepo, mapezi ya nyuma yanavuta pua irudi upeponi. Ni mvutano wa kamba, na mapezi yanashinda kwa sababu yako mbali na kitovu cha uzito, lakini hayashindi papo hapo. Siku ya hewa tulivu mvutano huo ni mdogo mno, kwa hiyo kigumba kilichopinda kidogo kinarekebishwa upesi. Siku ya upepo mapezi yana kazi mbili kwa wakati mmoja. Tena katika mita za mwanzo mshale bado haujazunguka vya kutosha kusawazisha kasoro, kwa hiyo upande ambao kigumba kimeinamia unapata nafasi ya kuamua. Na kosa la mwanzoni ndilo baya zaidi, linasafiri na kukua njia nzima.

Nilikuwa nimepanga wiki hii kulinganisha mapezi matatu na manne. Mapezi yenyewe yapo kwenye mfuko, hayajaguswa. Badala yake nimejenga kifaa cha kuzungushia mishale: beringi nne ndogo juu ya kipande cha ubao mgumu, na geji ya duara inayosoma sehemu ya mia ya milimita. Ukiuzungusha mshale kwenye kiganja kama wengi tunavyofanya, utaona kigumba kibovu sana tu. Namba 4 kwenye kiganja ulionekana safi. Kwenye geji, ncha ilicheza milimita 0.6. Nusu yake, 0.3, kwenye kigumba cha milimita 35, ni karibu nusu digrii ya kuinama. Namba 7 ilikuwa 0.5. Wale wenye adabu wote chini ya 0.15.

Chanzo ni mkato wangu mwenyewe. Mirija hii niliikata kwa msumeno wa chuma na kuisafisha kwa msasa nikiwa nimeushika mkononi, nikiamini jicho langu. Jicho langu halifai. Sasa nakata kwa diski nyembamba ya kusaga huku nikizungusha mrija (vaa barakoa, vumbi la kaboni si la kuvuta), kisha napaka wino kwenye mdomo wa mrija na kuuzungusha dhidi ya msasa uliobandikwa kwenye kipande cha chuma kilichonyooka. Wino ukiondoka upande mmoja tu, bado. Ukiondoka duara lote kwa mpigo, tayari. Mdomo wa inseti, kile kipande kinachogundishwa ndani ya mrija ili kigumba kifungwe humo, nao unapitia msasa huohuo baada ya gundi kukauka, na hatua hii ndiyo niliyokuwa nairuka miaka yote.

Kuhusu gundi, najua wapo watakaonipinga, lakini nimerudi kwenye gundi ya kuyeyusha. Epoksi ni imara, sikatai, ila ikikauka na kosa umeshafunga ndoa nalo. Gundi ya kuyeyusha, unapasha moto kichwa cha chuma peke yake, kamwe si mrija, unazungusha inseti robo, unapima tena. Namba 4 niliigeuza mara tatu mpaka geji ikasoma 0.08. Kwa epoksi ningekata mrija upya na kupoteza sentimita mbili.

Na jigi yangu ya plastiki ya kubandikia mapezi imeenda kupumzika. Ilikuwa inalegea upande wa pezi la tatu. Sikuhitaji geji kugundua hilo, nilihitaji tu kuacha kuitetea.

Matokeo ya leo, kwa ukamilifu: raundi nne za mishale sita, upepo kutoka kushoto kati ya mita 4 na 6 kwa sekunde kwenye kipima upepo cha mkononi, tepe mbili za kitambaa za kuonyesha upepo, moja karibu yangu na nyingine katikati ya njia. Nimeamua kuamini zaidi ile ya karibu. Wastani wa kuhama sentimita 9. Raundi mbaya kuliko zote ilitawanyika sentimita 14, na nilipiga mmoja wakati tepe ya karibu inainuka, kwa hiyo hilo ni langu. Hata hivyo sitapiga mnyama kwenye mita 40 katika upepo huu. Gunia haliondoki na jeraha. Kikomo changu kwenye upepo kinabaki mita 25.

Namba 7 bado ni mkaidi. Geji inasoma 0.1, kila kitu kimenyooka, na bado unakaa sentimita 5 kushoto ya wenzake. Kesho nauvua mapezi yote na kuupiga mtupu kutoka mita 10, nione unaingia umeinamisha mkia upande gani. Usipokiri hapo, mapezi manne yatatoka mfukoni na ndio utakuwa wa kwanza kuyavaa.