Mahindi yaliyolala

Jana nimeliwa hela hapa Tanga mjini. Nimenunua mahindi mabichi matano kwa dada mmoja sokoni, kaniapia kabisa yamevunjwa asubuhi Muheza, mie huyo mpaka nyumbani, nikabandika, yakachemka weee, kuja kung'ata ni kama natafuna unga uliofungwa kwenye ganda. Utamu hakuna. Nikampigia bibi, akacheka mpaka akakohoa, "Mjukuu wangu hayo yamelala siku mbili, yashaingia unga."

Bibi darasani hajakaa, lakini kapatia kuliko sisi tuliokariri baolojia ya mtihani. Punje changa inaletewa sukari kutoka kwenye majani, na ndani yake vimeng'enya (zile protini zinazoendesha kazi za kikemia kwenye kiumbe) vimejipanga kama mafundi wa saiti. Wa kwanza anaivunja ile sukari. Anayefuata ndo nyapara mwenyewe, ADP-glukosi pirofosforilesi (jina refu hivyo sijui walikuwa wanamkomoa nani), kazi yake kufyatua tofali linaloitwa ADP-glukosi, na akizembea yeye saiti nzima inadoda. Halafu kuna wanaounga matofali yawe mnyororo, kuna wanaochipusha matawi kwenye mnyororo, na kuna wanaopogoa yale yaliyokaa hovyo. Hapo sukari ishakuwa wanga, ndo huo unga aliousema bibi. Mnyororo ulionyooka ndo amilosi, wenye matawi ni amilopektini, kwa hindi la kawaida amilosi ni kama robo hivi.

Sasa ukivunja hindi shambani hao mafundi hujawaambia waende makwao. Wanaendelea kugeuza sukari iliyobaki, na nyingine punje yenyewe inaitumia kupumua maana bado iko hai, na joto ndo linazidi kuharakisha, na joto la Tanga mnalijua, gunia limekaa juani kutwa nzima unategemea nini? Ndo maana bibi mahindi akishayavunja lazima yachemshwe siku hiyohiyo hata kama hakuna mwenye njaa. Maji ya moto yanaua vimeng'enya, kazi inasimama hapohapo.

Kuna mahindi ambayo nyapara wake ni mbovu toka kuzaliwa. Mwaka 1953 John Laughnan wa Illinois, Marekani, aliandika kuhusu mahindi yenye jeni iliyoharibika inayoitwa shrunken2, wanga hautengenezwi vya kutosha kwahiyo sukari inarundikana, yakawa ndo chanzo cha yale mahindi matamu kupindukia. Ila mbegu yake ikikauka inasinyaa kama zabibu kavu, ukiuziwa bila kujua utagombana na muuza duka bure.

Na mchele nao ni hadithi hiyohiyo, kimeng'enya kinachotengeneza amilosi kikiwa kimekufa wali unanata kama gundi. Kuna nchi za Asia wanaupenda hivyohivyo, na wanauchagua makusudi. Huku kwetu peleka wali wa nazi unaonata kwenye shughuli uone, utasemwa mpaka siku ya arusi ya mwanao.

Yale mahindi yangu manne yaliyobaki nimeyapukuchua nikayatia kwenye makande na maharage. Kwenye makande unga si tatizo. Yule dada lakini nitamrudia, na safari hii naminya punje kwa ukucha kwanza, isiporusha maziwa sitoi hata mia.