Nilivyotengeneza jeli angavu ya lenzi laini hapa Mbeya

Lenzi laini ya kuvaa jichoni ni plastiki iliyokunywa maji. Ukielewa maji hayo yanavyoshikwa, umeelewa sehemu kubwa ya kazi nzima, na ndiyo sehemu iliyokula muda wangu mwingi nilipokuwa nafanya utafiti wa kemia hapa Mbeya. Naeleza kwa undani kwa ajili ya wadogo zangu wa chuo wanaopenda polima (molekuli zilizoshikana kuwa minyororo mirefu, kama plastiki) lakini wamekata tamaa mapema, wakiamini kazi hii ni ya maabara za Ulaya tu. Inawezekana kuifanya hapa mpaka hatua fulani, na hatua hiyo nitaitaja.

Navaa miwani tangu kidato cha pili. Nilipojaribu lenzi nikiwa Dar es Salaam sikupata shida yoyote. Nilipopanda nazo Mbeya mwezi wa tisa, upepo mkavu ukipeperusha vumbi mji mzima, ilipofika alasiri zilikuwa zimekaza na macho yanawaka. Nikaanza kusoma. Konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, haina mishipa ya damu. Oksijeni yake nyingi huipata hewani kupitia machozi, kwa hiyo chochote unachoifunika nacho lazima kipitishe hewa hiyo. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huku ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pwani. Oksijeni nayo hupungua kwa uwiano huohuo. Halafu ndani ya lenzi laini za aina ya zamani, oksijeni husafiri ikiwa imeyeyuka kwenye maji. Lenzi ikikauka kwa upepo, njia yenyewe ndiyo inayopungua. Baada ya kulielewa hilo sikutaka tena mada nyingine ya utafiti.

Malighafi inaitwa HEMA, yaani haidroksiethili methakrileti. Ni kimiminika kisicho na rangi. Kila molekuli ina upande mmoja unaoshikamana na wenzake kutengeneza mnyororo, na upande mwingine unaopenda maji. Otto Wichterle na Drahoslav Lím, wanakemia wa Prague, walichapisha habari za jeli hizi mwaka 1960 katika jarida la Nature. Kupata jeli hakukuwa mwisho wa safari yao, maana lenzi zilizotoka kwenye kalibu zilikuwa na kingo zilizochanika. Krismasi ya 1961 Wichterle aliunda nyumbani kwake mashine ya kuzungusha kalibu kwa vipande vya mchezo wa watoto na dainamo ya baiskeli, akamimina HEMA, ikaganda huku inazunguka, na kingo zikatoka laini. Miaka 10 baadaye, 1971, Marekani iliruhusu lenzi laini za kampuni ya Bausch & Lomb ziuzwe. Habari ya ile dainamo ilinitia moyo kuliko sura zote za vitabu nilizosoma.

Vifaa vyangu vilitoka mjini hapahapa. Wengi hugandisha HEMA kwa joto la nyuzi 60 hivi kwa saa kadhaa, na kwa umeme wetu wa kukatikakatika sikuupenda mpango huo. Njia ya pili ni mwanga: unaweka kianzishi kinachoamshwa na mionzi ya urujuanimno, mnyororo unajijenga kwa dakika chache hata kama ni Julai na mikono imekufa ganzi kwa baridi. Nikaenda Mwanjelwa kwa dada mmoja mwenye saluni anayebandika kucha za jeli.

"Mdogo wangu, taa hii unaipeleka wapi?"

"Maabara, dada. Hiyo jeli yako na lenzi za macho ni ndugu."

Nilimaanisha nilichosema. Jeli nyingi za kucha zina HEMA, na taa yake hutoa mwanga wa nanomita 365 hadi 405, uleule nilioutaka. Akaniuzia taa yake ya zamani. Nami nikamweleza jambo ambalo wenye saluni wengi hawaambiwi: HEMA mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara huleta mzio, na mzio ukishaingia hautoki. Jeli isimwagike kwenye nyama ya kidole cha mteja, na yeye mwenyewe avae glavu. Maabara tulivaa jozi mbili, maana HEMA hupenya glavu nyembamba upesi.

Tatizo la pili lilikuwa oksijeni. Jicho linaihitaji, lakini mmenyuko wa kugandisha HEMA unaichukia: inadaka ncha ya mnyororo unaokua na kuuzima, na unabaki na utelezi juu ya jeli. Kuna zaidi. HEMA ya dukani huja na kizuizi kinachoizuia isigande yenyewe ikiwa stoo, na kizuizi hicho hufanya kazi vizuri pale tu oksijeni ipo. Ukiifukuza oksijeni, umewaondoa maadui wawili kwa mpigo. Mtungi wa naitrojeni ungesafiri kutoka mbali, kwa hiyo tulienda kwa mafundi wa kuchomelea aluminiamu. Wanatumia gesi ya agoni, safi kabisa, tena nzito kuliko hewa, hivyo inatulia juu ya kimiminika badala ya kuruka. Fundi alitujazia kwenye tyubu ya baiskeli tuliyoikamua hewa yote. Tukaipitisha polepole ndani ya mchanganyiko kwa sindano, kisha tukavuta mchanganyiko kwa bomba la sindano na kuujaza katikati ya vioo viwili vilivyotenganishwa na ukanda wa mpira. Nyuso za ndani za vioo tulikuwa tumezitandika zile karatasi ngumu za plastiki za projekta za zamani, maana jeli hung'ang'ania kioo.

Sasa nirudi kwenye maji. Niliandaa mfululizo wa michanganyiko: HEMA, kifungio kidogo cha kuunganisha mnyororo na mnyororo (nusu asilimia inatosha), kianzishi, na maji kwa viwango vinavyopanda. Ile yenye maji asilimia 30 ilitoka angavu, unasoma gazeti kupitia kwayo. Nilipovuka 45 hivi, mzee wetu fundi sanifu wa maabara alifungua vioo akaniita.

"Mwanangu, hii mbona imekuwa mtindi?"

Ilikuwa nyeupe kabisa. Hapo ndipo kiini cha somo kilipo. Polima ya HEMA, hata uiloweke mwezi mzima, haibebi maji zaidi ya asilimia 40 hivi. Ukiiandaa ndani ya maji yanayozidi uwezo huo, minyororo inapokua inajitenga na maji, yanabaki madimbwi madogo ndani ya jeli, na mwanga ukigonga kila dimbwi unatawanyika. Kwa hiyo uangavu unaamuliwa kabla taa haijawashwa. Jeli hiyo nyeupe ina matumizi yake, kwa mfano kukuzia seli, ila kwa lenzi haifai.

Jeli zilizotoka angavu nilizikata visahani, nikaviloweka kwenye maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, nikibadilisha kila siku ili HEMA isiyoshikamana itoke. Kupima maji ni kazi ya mizani na subira: unakausha uso kwa karatasi, unapima, unaweka kwenye oveni mpaka uzito usishuke tena, unapima. Kisahani cha gramu 1.00 kikibaki 0.62, maji yalikuwa asilimia 38. Hiyo ndiyo namba inayotajwa duniani kote kwa HEMA tupu, na vyangu viliangukia jirani nayo. Sijawahi kufurahia namba kiasi kile.

Nikataka maji zaidi, kwa sababu maji zaidi ni oksijeni zaidi. Nikaongeza tone la asidi ya methakriliki. Asidi hii huipa jeli chaji hasi, chaji zinasukumana, na jeli inavimba. Kwenye maji matupu ilivimba mpaka ikalegea. Nilipoihamishia kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kama machozi, ikanywea, maana chumvi huzifunika zile chaji. Ukipima jeli ya namna hii kwenye maji matupu peke yake unajidanganya. Nayo ina gharama: laisozaimu, protini ya machozi inayoua bakteria, ina chaji chanya, kwa hiyo huvutwa na kung'ang'ania lenzi.

Kikomo nilichokisema mwanzo kiko hapa. Upitishaji wa oksijeni hupimwa kwa namba iitwayo Dk; ikiwa kubwa, oksijeni hupita kwa wepesi zaidi. HEMA tupu haifiki 10, na maji yenyewe ni kama 80 hadi 100, kwa hiyo haidrojeli, yaani jeli iliyokunywa maji, inayotegemea maji haiwezi kuyapita maji. Waliovuka ukuta huo walichanganya silikoni, ambayo oksijeni hupita ndani yake kwa wepesi mno. Mwaka 1999 ziliingia sokoni lenzi za haidrojeli ya silikoni, mojawapo ikiwa na maji asilimia 24 tu na Dk ya 140. Lakini silikoni na HEMA havipatani. Ukivikoroga vinajitenga na kuleta ukungu uleule, na uso wa silikoni hukataa machozi mpaka ufanyiwe matibabu, kwa mfano ya plazma, yaani gesi iliyochajiwa kwa umeme. Mashine hiyo hatuna, wala kipimo cha Dk hatuna. Na visahani vyangu havitagusa jicho la mtu: havijapimwa sumu kwa seli, havijatakaswa vijidudu.

Tunachoweza kupima hapa, na vizuri kuliko maabara za pwani, ni ukaukaji. Mwanafunzi aliyenifuata ameshaanza: visahani vyenye maji asilimia 38 na vile vya asidi vinawekwa kando ya dirisha lililo wazi, kwenye upepo wa Septemba, mizani iko pembeni, na uzito unaandikwa kila baada ya dakika tano.